Boliti Mbili Alizoziacha Papa Isidore

Papa Isidore Ngabu alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka 1952, karibu na Djugu, katika nyumba ya Dominique Ngabu, mkulima wa maharagwe, na mke wake Brigitte. Uchungu ulimkuta mama shambani. Akamaliza mstari aliokuwa akipalilia, akabeba kapu lake kichwani, akarudi nyumbani kwa miguu, ndipo akajifungua. Anayejiuliza marehemu alitoa wapi ugumu ule wa kutokubali kuacha kazi katikati asisumbuke kutafuta, maji hufuata mkondo. Miaka mitatu baadaye alizaliwa mdogo wake Micheline, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, na ambaye Baba Paroko amemwomba asirefushe. Atajitahidi.

Shule ya msingi aliisoma kwa mapadri wa Djugu, kisha akateremka Bunia kwa masomo ya sekondari, akapata diploma mwaka 1972. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa wa mwisho. Lakini alikuwa na kipaji kimoja kilichowachekesha wenzake: ukimpa kitu mkononi alikutajia uzito wake. Kuku, jiwe, ndoo ya maji, hata mtoto wa jirani. Walimu walimcheka mpaka siku waliyoleta mizani, na kuanzia siku ile wakaanza kumpitishia magunia ya unga waliyonunua sokoni, aseme kama wamepunjwa.

Kwa hiyo haikushangaza mtu mwaka 1973 alipoajiriwa kama mpimaji kwenye depo ya kahawa ya Mgiriki mmoja hapa mjini Bunia. Wazee waliopo wanakumbuka kazi ya mpimaji ilivyokuwa siku zile. Mkulima alitoka mbali na magunia yake, na mpimaji akiwa na roho mbaya aliweka ncha ya kiatu chini ya ubao wa mizani, kilo tatu zikapotea hivi hivi. Isidore alipima akiwa amesimama mbali kidogo, mikono nyuma ya mgongo, ili kila mtu aone miguu yake iko wapi. Hakueleza kwa nini anasimama hivyo. Wakulima walielewa wenyewe, na walikuwa tayari kupanga foleni ndefu mbele yake huku mpimaji wa pili akikaa bure.

Ni kwenye mizani hiyo alipomkuta Alphonsine. Alikuja na kahawa ya baba yake, akaegemea ubao wakati gunia linapimwa, Isidore akamwomba asogee, kisha ulimi ukamteleza akamwambia: "Weye mwenyewe uko kilo makumi sita na nane." Alphonsine akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Unapimaka watu sawa vile magunia?" Akapanda ubaoni kumuumbua mbele ya watu. Sindano ikasimama kwenye sitini na nane. Walifunga ndoa tarehe 4 mwezi wa nane mwaka 1979, na Mungu akawapa watoto watatu: Yves mwaka 1980, Denise mwaka 1984, na Joëlle, kitinda mimba, mwaka 1990. Micheline, ambaye hakuolewa, alihamia kwao na kusaidia kulea. Nyumba ilijaa, na Isidore aliipenda ikiwa imejaa.

Mwaka 1988 Mgiriki alifunga depo akaondoka, na Isidore akanunua kwake mizani ya depo na gari, Peugeot 504 nyeupe, ile ndefu yenye viti vya nyuma na nafasi ya mizigo. Baada ya hapo aliishi kwa kusafirisha mizigo ya watu: maharagwe ya Djugu, samaki wa Tchomia, mara moja mbuzi kumi na mmoja na bibi harusi katika safari moja. Mtu hawezi kusimulia maisha ya marehemu bila gari lile. Micheline amejaribu, akajikuta amebaki na nusu ukurasa.

Basi wavumilie wasiopenda mambo ya ufundi, kwa sababu bila jambo moja dogo hawataelewa kilichotokea mwaka huu. Mbele, chini ya gari, kila gurudumu limeshikwa na mkono wa chuma. Upande wa gurudumu mkono huo una kichwa cha mviringo, mafundi wanakiita rotili. Upande wa ndani una mpira mnene uliopitishwa boliti, wanauita silambloki. Rotili ikilika, gurudumu linacheza na kugonga. Mpira ukilika, gari linagonga katika kila shimo, na barabara zetu mnazijua. Mwaka 1991 Isidore alibadilisha vitu hivyo kwa mara ya kwanza, mwenyewe, nyuma ya nyumba. Akainua gari, magurudumu yakining'inia hewani, akafunga kila boliti kwa nguvu zake zote, akajisifu. Kesho yake akaipakia familia nzima kwenda Tchomia. Kabla ya kumaliza mteremko wa Bogoro mipira mipya ilikuwa imechanika yote miwili, na Alphonsine alisema neno ambalo halitasomwa hapa mbele ya Baba Paroko.

Fundi mmoja mzee wa misheni ndiye aliyemweleza kosa lake. "Mupira inashikaka vile uliifunga," alimwambia. "Ukifunga gari iko juu, siku utaishusha mupira itajikunja, itapasuka. Shusha gari chini, weka watu yake ndani, njo ufunge." Isidore, mtu wa mizani, alilipokea neno hilo kama Injili. Alichimba shimo nyuma ya nyumba, upana wa mtu mmoja, gari likaweza kusimama juu yake kwa magurudumu yake manne. Na tangu hapo, kila alipobadilisha mipira, boliti mbili za mwisho, ya kushoto na ya kulia, hazikukazwa mpaka familia nzima imekaa garini.

Kila mtu alikuwa na mahali pake. Alphonsine kwenye usukani, ingawa hakujua kuendesha, na kazi yake ilikuwa kuushika usukani usipinde. Alisema ameendesha gari lile miaka thelathini bila kutoka uani. Yves mbele, kando ya mama. Denise nyuma kushoto, Micheline nyuma kulia, Joëlle katikati yao, kwanza mapajani, baadaye kitini. Isidore alikuwa chini shimoni, na sauti yake ilipita sakafuni: "Musitikisike. Nani anacheka? Denise, ni weye." Ilichukua muda mfupi tu kukaza boliti mbili, lakini hakuna aliyeruhusiwa kushuka mpaka atoke shimoni, azunguke gari, na kumtazama kila mmoja dirishani. Watoto walidhani anakagua gari.

Wakati wa vita vya mjini mwaka 2003 alifungua mikono yote miwili ya mbele akaificha juu ya dari, ili asiwepo wa kuliondoa gari. Wapiganaji waliingia uani wakalitazama limelala kwa pua kama ng'ombe mgonjwa, wakaenda zao. Familia ilipotoka mafichoni, jambo la kwanza alilofanya Isidore, kabla hata ya kutengeneza mlango uliovunjwa, ni kurudisha mikono na kuwaketisha watu. Siku hiyo alikaa shimoni muda mrefu. Micheline alichungulia akaona boliti zimekwisha kukazwa, naye amesimama tu pale chini, kiganja kimeshika sakafu ya gari juu yake.

Kisha watoto walikua wakaenda, kama inavyopaswa. Yves yuko Kinshasa, Denise anafanya biashara Kampala, Joëlle ni muuguzi Lubumbashi. Nchi ni kubwa, ndege ni ghali, na barabara kila mtu anajua habari zake. Mwaka 2021 Alphonsine aliugua figo. Mipira na rotili vilikuwa vimelika tena, na kila alipopelekwa hospitali gari liligonga katika kila shimo, naye akifumba macho. Isidore aliihesabu mishindo ile moyoni mwake. Alphonsine alifariki tarehe 11 mwezi wa sita mwaka huo. Baada ya mazishi watoto walirudi walikokwenda, Micheline alikuwa amekwisha kuhamia kwake karibu na soko, na Isidore akaliegesha gari juu ya shimo, akalifunika kwa turubai. Nyumba yenye vyumba vinne ikabaki na mtu mmoja. Alikuwa akipika wali wa watu sita, kwa mazoea, na kuwapelekea majirani uliobaki.

Mwaka huu baada ya Pasaka alilifunua gari. Alikwenda mwenyewe mpaka Ariwara akarudi na rotili mbili na silambloki mbili zimefungwa katika kikwembe cha marehemu mke wake. Fundi Paluku, jirani yake, alijitolea kumsaidia. Isidore alimshukuru, akamkatalia. Alifanya peke yake kazi inayohitaji watu wawili. Pale ambapo mtu mmoja hukandamiza mkono wa chuma kwa nondo huku mwingine akiingiza kichwa cha rotili mahali pake, yeye alining'iniza bidoni la maji kwenye ncha ya nondo. Mipira ya zamani aliitoa kwa kuichoma juu ya jiko la makaa, ikatoa moshi mweusi uliomfanya Mama Kamate wa ng'ambo ya barabara afue nguo zake mara ya pili. Mipira mipya aliipaka sabuni, akaibana na kuiingiza taratibu, siku moja upande mmoja, siku nyingine upande wa pili. Rotili ya zamani ya kushoto aliiweka mkononi mwa Micheline. Ilicheza kama jino la mtoto. "Hii ndiyo ilikuwa nagonga Alphonsine," alisema.

Mwezi wa nane kila kitu kilikuwa mahali pake, gari liko chini, na zilibaki boliti mbili tu. Ndipo alipoanza kupiga simu.

Aliwaambia watoto wake wote maneno yale yale, waje wakae garini: "Mukuye mukae mu gari." Yves akamjibu, "Papa, tafuta fundi, nitamulipa." Denise akasema atakuja shule zikifunga. Joëlle akasema Noeli. Kila mmoja alikuwa na sababu, na sababu zilikuwa za kweli. Paluku alimwambia asijitese: "Muzee, mbele ya lupango, ku mulango, iko wamotari wanne na pikipiki zao, hawana kazi. Tunawaketisha, tunafunga, imeisha." Isidore akatikisa kichwa. "Hapana. Hii gari iko na watu yake."

Micheline anasema wazi hapa, kwa sababu kaka yake hakuwahi kulisema: gari halijui nani amelikalia. Mtu aliyepima kahawa ya nusu ya Ituri alilijua hilo kuliko sisi wote. Alikuwa mpweke. Alikuwa mpweke mpaka ikamuuma kifuani, na hakujua namna ya kuwaambia watoto wake, "Mukuye, niko peke yangu." Wanaume wa nyumba yetu hawakufundishwa sentensi hiyo. Alijua kusema, "Mukuye mukae mu gari," akasema hiyo.

Mwezi wa tisa alipiga simu tena, na safari hii aliuliza jambo jingine. Alimwuliza Yves: "Leo unapima kilo ngapi?" Yves alicheka, akasema anachelewa mkutanoni. Alimwuliza Denise, naye akamtania: "Papa, mwanamuke hawamuulizake kilo." Joëlle peke yake alijibu: "Makumi sita na moja, Papa. Sababu gani?" Hakumwambia sababu.

Wiki ile Micheline alipomtembelea alikuta milango ya gari iko wazi, na mizani ya zamani ya depo imetolewa ghalani. Kwenye kiti cha usukani lilikuwa gunia la mchanga limekaa wima. Nyuma, katikati, lilikuwa gunia lingine. Alikuwa ameyajazia humo humo garini, ndoo kwa ndoo, kila ndoo ikipita mizani kwanza.

"Yaya, kaka yangu, ni nini hii?" Micheline aliuliza.

"Ule wa mbele ni Alphonsine. Ule ni Joëlle."

Gunia la Alphonsine lilikuwa la kilo sitini na nane. Alikuwa amemnyanyua mwenyewe siku za mwisho na kumweka kitandani, na alijua fika alikuwa amebaki mwepesi kiasi gani. Lakini uzito wa hospitali aliukataa, akaweka wa siku ya mizani. Micheline akamwuliza, na wengine je? Isidore akakaa juu ya kizingiti cha mlango wa gari, akafuta mikono yake kwa kitambaa muda mrefu.

"Ya watoto wengine sijue tena," alisema. "Nilijuaka wote kwa jicho. Sasa sijue tena."

Micheline akamwambia ajaze basi yeye, dada yake, yuko hapo, ampime. Akampandisha kwenye mizani, akasoma, akasema amenenepa. Lakini hakujaza gunia. "Weye ukuye mwenyewe," alisema. "Weye uko karibu."

Asubuhi ya tarehe 2 mwezi wa kumi Paluku alimkuta ameanguka kando ya shimo, upande wa kulia hauna nguvu. Tansiyo, presha ya damu, ilikuwa imempanda. Gari lilikuwa pale pale, jipya mbele kama lilivyotoka kiwandani, na Paluku alitaka kuruka shimoni akaze boliti mbili ampeleke nalo. Isidore alimshika suruali kwa mkono wa kushoto, hakumwachia. Alipelekwa hospitali kwa pikipiki ya motari mmoja, amebanwa katikati ya motari huyo na dada yake, kichwa begani mwa Micheline, na barabara ikawagonga wote watatu. Njiani alizungumza bado, kwa shida, mdomo umepinda. Alisema: "Wakifika, usiache Paluku afunge kama bado hawajakaa." Micheline akamwahidi. Baada ya siku ile hakutamka tena neno linaloeleweka. Madaktari na wauguzi walifanya walichoweza, na familia inawashukuru. Alifariki jioni ya Jumapili, tarehe 19 mwezi wa kumi mwaka 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Micheline alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto, ambao bado ulikuwa na grisi kwenye kucha.

Watoto walipewa habari usiku ule ule, na safari hii ndege zilipatikana. Hilo halisemwi kwa kuwachoma. Kila mtu hapa ana simu aliyoipokea kwa haraka, na msiba una njia yake ya kufupisha barabara. Familia inashukuru Shirika la mtaa, kwaya, majirani waliolala uani penye baridi, na Mama Kamate, aliyefua mashuka yote ya matanga bila kutaja moshi.

Baada ya kutoka hapa, kabla ya chakula, na kabla mtu yeyote hajauliza saa ya ndege, watoto wa marehemu wanaombwa kupita nyuma ya nyumba. Paluku atakuwa shimoni na ufunguo wa boliti mkononi.

Papa Isidore ameacha mwana wake Yves, ambaye mahali pake ni mbele, kando ya mama yake. Ameacha binti yake Denise, nyuma kushoto, naye akitaka kucheka acheke, baba yake alipenda kumgombeza kwa hilo. Ameacha dada yake Micheline, nyuma kulia, mzito kuliko zamani. Ameacha wajukuu watano ambao wanaweza kusimama kando na kutazama, ili siku moja wajue kwa nini babu yao alichimba shimo. Na ameacha binti yake Joëlle, nyuma, katikati. Gunia lililo pale litatolewa, kwa kuwa mwenyewe amekuja. Lile la usukani libaki.

Mtakaa mtulie. Hakuna atakayezunguka gari kuwatazama dirishani, kwa hiyo tazamaneni.

Apumzike, kaka yetu, kwa amani ya Yule anayejua uzito wa kila mtu. Gari liko chini, na watu wake wamefika.